Mifuko Mitatu ya Fimbo: Kisa cha Gofu ya Hisani Mtwara

Mifuko ilishushwa stendi ya Mtwara saa moja usiku, imefungwa kamba pamoja na maboksi mawili ya fulana. Mpakua mizigo aliupima mmoja begani akaniuliza kama ndani kuna nondo. Nikamwambia ni fimbo za gofu, za watoto wa shule. Akaniangalia, akaangalia mifuko, akaniuliza watachezea wapi.

Sikuwa na jibu, na furaha niliyokuwa nayo usiku ule ilinizuia kulitafuta. Mimi nafundisha hisabati katika sekondari moja ya kata upande wa Mikindani, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali, ndimi pia mwalimu wa michezo. Ninaandika kisa hiki kwa sababu nimeulizwa na walimu wenzangu wa Lindi na Masasi ambao wameahidiwa misaada ya namna hii hii. Nataka waone hesabu zote, pamoja na makosa yaliyokuwa yangu.

Chanzo kilikuwa kijana niliyemfundisha zamani. Sasa yuko Dar es Salaam, anafanya kazi katika kampuni ambayo kila mwaka huandaa siku ya gofu ya hisani. Utaratibu wake ni huu: wachezaji hujipanga timu za watu wanne, kila timu hulipa ada ya kushiriki, na makampuni mengine hulipa ili jina lao liwekwe kwenye shimo mojamoja. Jioni kuna chakula, vikombe na mnada mdogo. Fedha ya hisani ni ile inayobaki baada ya kulipa uwanja, chakula, fulana na zawadi. Mwaka ule kilichobaki kilielekezwa kwa "vijana wa Kusini", na kijana wangu akapiga simu.

"Mwalimu, shikamoo. Nimeisemea shule yetu. Wamekubali."

Ahadi ilikuwa shilingi 4,500,000 kwa awamu mbili, 2,500,000 kwanza na 2,000,000 baada ya ripoti, pamoja na fimbo zilizotumika walizotoa wanachama wa klabu.

Mtindo huu si mpya duniani. PGA Tour, waandaaji wa mashindano ya gofu ya kulipwa Marekani, huhesabu mchango wake wa kwanza wa hisani kuwa dola 10,000 zilizotolewa Palm Beach, Florida, mwaka 1938, na kufikia 2020 jumla ya michango ya mashindano yake ilikuwa imepita dola bilioni 3. Ukitazama pale hisani ya gofu ilipoacha alama kubwa, mara nyingi utakuta mwenye kupokea ni yuleyule miaka nenda miaka rudi. Mashindano ya Memphis, mji wa Marekani, yamefungamana na hospitali ya watoto ya St. Jude tangu 1970. Hospitali ikijua kwamba mwakani fedha itakuja tena, inaweza kupanga. Shule yangu ilipewa siku moja ya mwaka mmoja, nami nikapanga kana kwamba nimepewa Memphis.

Kabla mtoto yeyote hajagusa mpira, shilingi 1,900,000 zilikuwa zimekwisha. Usafiri wa mizigo, fulana 60 zenye nembo, bango, hema, viti, spika za siku ya uzinduzi, soda na chakula cha wageni. Hakuna aliyeiba hata senti, risiti zote ninazo. Kila kitu kilikuwa na sababu yake: wageni walitoka mbali, wafadhili walitaka picha za kuwaonyesha wachezaji waliochanga, na hata mkuu wa shule alitaka shule ionekane. Zilizobaki, 600,000, zilimlipia kocha mmoja nauli na malazi ya siku mbili, zikanunua mipira, zikamlipa fundi.

Fundi huyo anastahili kutajwa kwa kazi yake. Fimbo zote zilikuwa za watu wazima, ndefu na nzito, na zote za mkono wa kulia. Mtoto wa kidato cha kwanza akiishika moja ya zile ndefu za kupigia mbali, mpini ulimfika kifuani. Kwa hiyo tulizipeleka kwa fundi baiskeli wa Mikindani. Alikata mipini, akaisugua ncha, akafunga mshiko kwa vipande vya mpira wa tyubu. Kocha alikuwa ametuonya kwamba chuma kikikatwa kinakuwa kigumu, hakiyumbi vizuri, na mpira hauruki juu. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini watoto waliweza kuzishika, na kwa mwanzo hilo lilitosha.

Sasa swali la mpakua mizigo. Viwanja vinavyojulikana na wacheza gofu wa nchi hii viko Dar es Salaam, pale Gymkhana na Lugalo, halafu Arusha, Moshi, Morogoro, Mufindi. Kutoka kwetu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi. Tulianza kwenye uwanja wa mpira wa shule, na Jumamosi ya pili mpira wa gofu ukavuka ua ukagonga madigadi ya bodaboda iliyokuwa ikipita. Ungempiga dereva kichwani leo nisingekuwa naandika haya. Mpira ule una gramu 46 hivi na ni mgumu kama jiwe. Tangu siku hiyo kupiga kwa nguvu tunapiga mipira ya tenisi iliyochakaa, ile ya gofu ni ya kusukuma tu.

Uwanja wetu halisi tuliupata chini ya mikorosho. Jirani wa shule ana shamba la miti mikubwa ya zamani, ambayo kivuli chake ni kizito na hakiachi majani kuota sana. Na kila mwaka kabla ya korosho kuanza kudondoka hupalilia na kufagia chini ili zisipotee, kwa hiyo ardhi yake ni tambarare na safi kuliko kiwanja chochote cha shule. Alituruhusu baada ya mavuno, kuanzia Januari, mpaka wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Tukachimbia makopo manne ya maziwa ya unga. Shimo halali la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na makopo tuliyopata yalikaribia sana hapo. Kuzunguka kila kopo tulimwaga mchanga laini wa pwani, tukaunyunyizia maji na kuusawazisha kwa ubao. Kocha alitueleza kwamba viwanja visivyo na nyasi za kutosha huchanganya mchanga na oili chafu ili utulie. Tulikataa, maana wengi wa watoto wetu wanacheza peku.

Nilikipenda kiwanja kile pia kwa ajili ya somo langu. Tulikubaliana kila shimo ni la mipigo mitatu, jumla 12. Aliyemaliza kwa 14 ana chanya mbili, aliyemaliza kwa 10 ana hasi mbili, na mwenye hasi ndiye bora. Kuna mtoto aliyekuwa hawezi kuelewa kwa nini hasi tano ni ndogo kuliko hasi mbili. Chini ya mkorosho alielewa kwa dakika moja, kwa sababu aliyekuwa na hasi tano alikuwa mdogo wake.

Daftari la mahudhurio

Jumamosi ya kwanza walikuja 43. Ya pili 31. Ya tano walikuja tisa, wasichana wawili.

Nilifanya ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kumwambia kijana wangu "tumekubali": nilikwenda nyumbani kwao. Nyumba kumi na nne kwa siku nne, baada ya vipindi. Hakuna mzazi hata mmoja aliyesema gofu ni mchezo mbaya au wa Wazungu. Walisema mambo mengine. Saa tatu asubuhi ya Jumamosi ni wakati wa madrasa. Mtoto akitoka nyumbani asubuhi bila kula, akacheza mpaka saa saba juani, anarudi na homa. Na kuhusu wasichana, baba mmoja wa Mikindani aliniambia kwa upole: "Mwalimu, wewe nakuamini. Lakini wewe ni mmoja, na shambani pale miti ni mingi."

Nilitoka kwa yule baba na jibu lote mkononi, ingawa ilinichukua wiki mbili kulitambua.

Nje ya geti letu alikuwapo mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na mihogo. Amekaa pale miaka mingi kuliko walimu wengi wa shule. Anajua nani ni mjukuu wa nani, nani amehamia Chikongola, nani mama yake anaumwa. Watoto humwita bibi. Tulihamisha mazoezi hadi saa kumi jioni, baada ya alasiri, nikamwomba ahamishie sufuria zake chini ya mkorosho wa kwanza kila Jumamosi, apike uji au ming'oko kwa ajili ya wachezaji, na awe ndiye mtu wa mwisho kuondoka na wasichana kabla ya magharibi. Wiki nne za mwanzo nililipa mwenyewe: 20,000 ya chakula, 10,000 ya posho yake.

Walianza kurudi. Ndani ya miezi miwili tulikuwa na watoto kati ya 26 na 28, wasichana 11 kati yao.

Mtu wa hisabati lazima ajiulize ni kipi kilichowarudisha, maana nilibadilisha saa, chakula na usimamizi kwa pamoja, na ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo huwezi kudai unajua kilichofanya kazi. Lakini mama alipata msiba Newala akakosekana Jumamosi mbili. Saa ilikuwa ileile. Maandazi tulinunua, tena mengi. Wavulana walikuja karibu wote. Wasichana walikuja watatu, na Jumamosi ya pili mmoja. Aliporudi, wakarudi. Ni Jumamosi mbili tu, siwezi kuzijengea nadharia, ila kwa shule yangu zilinitosha.

"Pesa ya gofu ni ya gofu"

Nikaandika ripoti ya awamu ya kwanza nikaomba 2,000,000 zilizobaki ziende kwa chakula na posho ya mama. Kwa 30,000 kila wiki, fedha hiyo ilitosha Jumamosi 66. Wafadhili walikuwa wamepanga kununua seti za fimbo za watoto na nyavu za kupigia.

Jibu lilikuja kwa simu, kwa heshima kabisa. Afisa wa kampuni aliniambia: walichangisha kwa jina la gofu, wachezaji walilipa wakiambiwa watoto watapata vifaa, na hawezi kurudi kwao kusema fedha ilikwenda kwenye uji. Pesa ya gofu ni ya gofu.

Nilikasirika siku tatu. Leo naona alikuwa na haki katika jambo moja zito: fedha ya hisani ina ahadi ndani yake, na aliyetoa kwa ahadi fulani hatakiwi kubadilishiwa kimyakimya. Mimi ndiye niliyepokea fedha bila kusema siku ya kwanza kwamba mtoto wa Mtwara hawezi kucheza gofu Jumamosi nzima kwa njaa. Mstari wa chakula haukuwamo kwenye bajeti kwa sababu sikuuandika. Niliogopa kwamba nikiuandika, wataona shule yetu ni ya kuombaomba, watapeleka kwingine.

Lakini alikosea kuhusu gofu yenyewe, na hapo ndipo nilipoijenga barua yangu ya pili.

Nilimweleza habari za Chick Evans. Huyu alikuwa mtoto wa eneo la Chicago aliyeanza kwa kubeba mifuko ya wachezaji, yaani kedi. Mwaka 1916 akashinda mashindano ya wazi ya Marekani na ya wachezaji wa ridhaa, yote mawili. Fedha iliyotokana na jina lake hakuweza kuichukua bila kupoteza hadhi ya ridhaa, na mama yake ndiye aliyemsukuma iwe mfuko wa kuwasomesha makedi. Wanafunzi wa kwanza waliingia Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1930, na mpango ule unaendelea mpaka sasa, ukiwa umesomesha maelfu.

Watu husimulia habari hii kwa ajili ya ukarimu wa Evans. Mimi huvutwa na namna wanavyochagua. Kijana hapewi ufadhili kwa kuwa anapiga mpira vizuri. Wanatazama masomo, uhitaji wa familia, tabia, na rekodi yake ya kazi ya ukedi. Maana yake ni kwamba kabla ya shilingi kutoka, kuna watu wazima klabuni waliomwona kijana huyo msimu baada ya msimu, akiwahi au akichelewa, akisema kweli au akidanganya hesabu ya mipigo. Klabu inamjua. Fedha inafuata ujuzi huo.

Mtwara hatuna klabu ya kumjua mtoto. Wanaochanga wako Dar, mtoto yuko Mikindani, na katikati kuna kilomita zile 500. Basi lazima awepo mtu anayeijaza nafasi ya klabu: anayekuja kila Jumamosi, anayejua nani hakuja na kwa nini. Kwetu mtu huyo alikuwa amekaa getini na sufuria ya ming'oko. Kumlipa yeye ni kulipia gofu, kwa hakika zaidi kuliko nyavu.

Nikamwongezea mfano wa First Tee, mpango wa vijana ulioanzishwa Marekani mwaka 1997 na taasisi kubwa za gofu za huko. Mwanzo mkazo wao ulikuwa kupata viwanja vya bei nafuu ili watoto wasio na uwezo wafikie mchezo. Baadaye uzito ukahamia kwenye mafunzo ya maisha yanayopitia mchezo, uaminifu, heshima, uvumilivu, na kwenye kuandaa makocha wa kuyafundisha. Hao wana viwanja na fedha tusizoweza hata kuziota, na bado waliona kiwanja peke yake hakimlei mtoto.

Kwenye barua nilibandika nakala ya daftari la mahudhurio, pamoja na zile Jumamosi mbili za msiba. Picha sikuweka.

Walikubali nusu njia. Shilingi 1,400,000 kwa chakula na posho, ambazo ni Jumamosi 46 na chenji ya 20,000. Shilingi 600,000 kwa vifaa. Afisa yule aliniomba ruhusa ya kuisoma barua mbele ya wachezaji kwenye chakula cha jioni cha mwaka uliofuata. Nilimpa ruhusa kwa sharti moja, kwamba asome pia mgawanyo wa zile 1,900,000. Sijui kama aliusoma, lakini aliahidi, nami namheshimu kwa kuahidi.

Kwa wenzangu wa Lindi na Masasi, yapo mambo ambayo ningeyafanya tofauti, na kubwa ni la kalenda. Nilipanga kwa mihula ya shule, wakati maisha ya watoto wetu yanafuata korosho. Oktoba mpaka Desemba nyumba nyingi ziko shambani, na mtoto anayeokota korosho na wazazi wake hajatoroka mazoezi. Juni salfa inaanza kupulizwa na hakuna mtoto anayepaswa kuwa chini ya miti ile. Kwa hiyo mwaka wetu wa gofu chini ya mikorosho ni Januari hadi Mei, na miezi mingine tunarudi uwanja wa shule na mipira ya tenisi, wale wachache wanaopatikana. Ripoti ya mfadhili inayodai mahudhurio sawa mwezi hadi mwezi itamlazimisha mwalimu kuandika uongo. Kataeni sharti hilo mapema. Kataeni pia fulana. Kama lazima ziwepo, ziwe chache na zisizo na tarehe ya uzinduzi.

Na msiwaahidi watoto ubingwa. Niliwahi kuwasimulia wasichana habari za Madina Iddi wa Arusha, ambaye amekuwa miongoni mwa wanawake wanaoongoza gofu ya ridhaa nchini kwa miaka mingi na ameiwakilisha Tanzania nje. Kulisikia jina kama lao katika mchezo huu kuliwagusa kuliko hotuba yoyote ya uzinduzi. Mmoja akaniuliza afanye nini afike kule. Nikamwambia kweli: awe karibu na kiwanja cha nyasi, na hicho sina. Ninachoweza kumpa ni hesabu, nidhamu ya kuandika mipigo yake kwa uaminifu, na watu wazima wawili watakaomtetea ikitokea nafasi ya masomo. Alifikiri kidogo, akaendelea kuja.

Kijana wangu wa Dar amehamia kazi nyingine, na siku ya gofu ya kampuni ile sasa inachangia mkoa mwingine. Jumamosi 46 zimekwisha. Kamati ya wazazi imempa mama eneo la kudumu ndani ya geti bila kumtoza, na yeye anaendelea kuja chini ya mkorosho. Uji sasa ni wa zamu, kila wiki nyumba mbili zinaleta unga na sukari. Wiki nyingine hazileti.

Jumamosi ya mwisho ya Mei mwenye shamba alipita kutuambia ataanza kupuliza wiki inayofuata. Tukafukua makopo. Yule msichana aliyeniuliza kuhusu Arusha ndiye anayeshika daftari siku hizi. Alihesabu vitu mara mbili, akaandika chini ya tarehe: makopo 4, fimbo 17, mipira ya gofu 22, ya tenisi 9, waliokuja 24. Bibi akamwambia aongeze na sufuria moja, maana ameiacha shuleni mpaka Januari.